Mwalimu wa Sufuria

Msomaji kijana, nilipoanza kufundisha sayansi kimu, wenzangu waliniita "mwalimu wa sufuria". Walicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilinitoka, nikabaki na uchungu. Nilijiliwaza kwa habari za Ellen Swallow Richards wa Marekani. Mwaka 1870 alikubaliwa katika Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, mwanamke wa kwanza kuingia humo, akasoma kemia wala hakutozwa karo. Alidhani amehurumiwa kwa umaskini wake. Kumbe wakubwa walitaka waweze kukana kuwa yeye ni mwanafunzi wao! Bibi huyo alipima maji na vyakula katika maabara, na chama cha wataalamu wa elimu ya nyumbani kilipoanzishwa nchini mwake mwaka 1909, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Mimi nilianza kwa ugomvi. Wasichana wetu walilalamika kizunguzungu, na kwa kuwa nilijua ya kwamba chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, niliingia jikoni nikamwamuru mpishi mkuu, mzee wa makamo ya baba yangu, asiwape tena chai pamoja na githeri. Akanitazama, akauliza, "Umekula hapa mara ngapi, mwanangu?"

Sikuwa nimekula hata mara moja. Juma lile githeri ilikuja imeungua kila siku.

Nilirudi kwake alfajiri, nikamwomba radhi, nikaketi kuchambua maharagwe pamoja naye. Hapo nikajua ya kwamba chai iliandamana na chakula kwa sababu meko yalikuwa mamoja tu, na kuni mbichi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshauri chai ingoje saa nne, na kila sahani ipate kipande cha chungwa, kwani nilikwisha mweleza jinsi tunda hilo lisaidiavyo madini yale kuingia mwilini. Nikaandika hesabu, nikaomba meko ya pili mbele ya bodi ya shule. Nilikataliwa. Muhula uliofuata nikaomba tena, wakakubali.

Baadaye nilipewa idara, kisha unaibu wa mwalimu mkuu. Siku ya kuthibitishwa, mwenyekiti aliuliza ni nani aliyetunga mpango wa jikoni. Nilitoka nje nikamwita mzee. Akaingia na aproni yake, mikono ingali na unga, akavutiwa kiti.