Duka la Ghorofani

Duka la mama mdogo liko Kariakoo, ghorofa ya pili. Wenye fremu za chini wanaishi kwa wapita njia: mtu kaja kununua sufuria, macho yakaangukia kitenge, akaingia. Ghorofani hakuna anayepita. Anayepanda zile ngazi amedhamiria, na ili adhamirie lazima awe ameshauona mzigo mahali pengine. Ndiyo maana duka lile, ambalo halijawahi kubadili fremu, limehamahama mitandaoni kuliko maduka yote ya jengo.

Tulianza na Facebook mwaka 2013, mimi nikiwa na simu ya tachi na yeye bado ana kitochi. Nilitandika vitenge juu ya jamvi karibu na dirisha, nikavipiga picha, nikaziweka kwenye makundi ya kuuza na kununua, na chini nikaandika namba yake. Wanunuzi walikuwa wa mikoani zaidi: Kahama, Songea, Tunduma. Walikuwa wanapiga, wanatuma pesa kwa simu, mzigo unapelekwa stendi ya Ubungo kupandishwa basi. Mama mdogo aliandika kila namba kwenye daftari la kaunta, pamoja na jina alilompa mteja yeye mwenyewe: Mwalimu wa Kahama, Mama Pacha, Yule wa Kijani.

Miaka michache baadaye akina dada wa mjini wakawa wamehamia Instagram. Huko ndiko walikokuwa waigizaji na wanamuziki, na chini ya kila picha ya Wema Sepetu au Diamond Platnumz kulikuwa na msururu wa wauza viatu, mawigi na dawa za chunusi, kila mmoja akikaribisha watu kwenye ukurasa wake. Nasi tukajipanga. Wafuasi walikuja, ila wafuasi wa namna ile hawanunui. Nadhani wengi walikuwa wauzaji wenzetu waliotufuata ili tuwafuate.

Waliokuja na pesa walitoka Facebook. Kampuni ya Facebook ilikuwa imeinunua Instagram tangu 2012, kwa dola bilioni moja, na kurasa za pande mbili ziliweza kuunganishwa: unaposti Instagram, picha inajipeleka yenyewe Facebook. Mimi nilifurahia kupunguziwa kazi. Mama mdogo alitazama akauliza, "Sasa kama wanaviona vyote hukohuko walipo, huku wafuate nini?" Nikatenganisha. Kuanzia hapo kila robota likifunguliwa, Facebook ilipata kitenge kimoja tu, kile kizuri kuliko vyote, na sentensi moja kwamba wenzake wako Instagram. Watu walilalamika. Mwalimu wa Kahama alipiga simu kabisa kuuliza kwa nini tunamsumbua na utu uzima wake, kisha akamwagiza mwanafunzi wake wa zamani amfungulie akaunti.

Sikupata kuona tangazo la kulipia lililofanya kazi kama kitenge kile kimoja. Kumwambia mtu "tufuate na kule" ni kumpa kazi isiyo na ujira. Lazima kule kuwe na kitu ambacho hapa hakipo, na mama mdogo, ambaye hadi leo hajui nywila ya ukurasa wake, alilijua hilo kwa kuuza dukani miaka mingi.

Kutoka Instagram kwenda WhatsApp kulikuwa na ukuta. Linki ukiiandika chini ya picha haibonyezeki. Wakati huo ilibonyezeka ya kwenye bayo peke yake. Kuweka linki kwenye stori kulitaka wafuasi 10,000, ambao hatukuwa nao, na stika ya linki haikuachiwa watu wote hadi Oktoba 2021. Mitandao hii haipendi mgeni aondoke, na ndugu wa kampuni moja, kama hawa wawili, hawakuwa tofauti.

Lakini sisi tuliitaka WhatsApp hasa, kwa sababu ya stetasi. Ilipokuja Februari 2017 ilibadilisha Kariakoo nzima. Stetasi ina sharti lake: kwa kawaida haionwi mpaka mteja awe na namba yako na wewe uwe na yake. Ndipo ukaanza ule wimbo wa kila muuzaji, "sevu namba hii, kisha nitumie jina lako nikusevu." Mfuasi wa Instagram anaweza kukusahau kabla hajaweka simu chini. Aliyekuandika kwenye simu yake, katikati ya shemeji na fundi bomba, huyo amekukubali.

Chambo kilikuwa bei. Wauzaji wengi wa Instagram walikuwa wanaficha bei ili uulize kwa DM, na mimi niko upande wa wateja wanaochukia mchezo huo. Mtu anaona haya kuuliza bei kisha kunyamaza. Mama mdogo aligawa kazi: Instagram ikabeba mishono, kitenge kikiwa kimeshashonwa na kimevaliwa, na stetasi ikabeba bei ya kila pisi na idadi iliyobaki. Anayeona ni ghali anapita kimya na heshima yake. Kila nilipoandika "bei zote ziko stetasi", jioni simu ilikuwa inaingiza majina mapya.

TikTok aliileta binti yake, mwaka wa korona. Alimrekodi mama akiloweka kitenge kwenye ndoo nyeupe kujibu swali la milele, "kinatoa rangi?" Video ikakatwa kabla maji hayajaonekana. Jibu likawa Instagram. Waliofuata jibu walikuwa wa Mombasa, Lubumbashi, Muscat, na mtu wa Muscat hatumiwi mzigo kwa basi, kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa kuliko mauzo. Mwanzoni binti alikuwa anaishusha video kutoka TikTok na kuipandisha Instagram ikiwa na nembo yake ileile. Februari 2021 Instagram ikatangaza kwamba video zenye nembo za programu nyingine hazitapendekezwa sana kwa watu. Akaanza kurekodi kwa kamera ya simu kwanza, kisha kugawa.

Halafu ikaja Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Kabla ya saa moja jioni, muda ambao watu wako kwenye daladala na simu mkononi, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa pamoja, dunia nzima, kwa takriban saa sita. Tulikuwa tumejisifu kwamba tuna milango mitatu. Ilikuwa na mwenye nyumba mmoja. Binti alihangaika na bando akidhani limekwisha. Mama mdogo alivuta daftari, ambalo hakuacha kuliandika hata siku moja, akaanza kupiga simu kwa wateja waliokuwa wanasubiri namba ya basi. Asubuhi yake nilikuta ameagiza daftari jipya, kubwa zaidi, na amri kwamba majina yote ya kwenye simu yahamishiwe humo kwa kalamu.

Siku hizi kinachotuchosha zaidi ni matapeli, ambao wanapita njia ileile tuliyoifungua. Wanachukua video ya ndoo, wanafungua ukurasa Instagram wenye jina linalofanana na letu kasoro herufi moja, wanaweka namba yao kwenye bayo. Mteja anayetoka TikTok kutafuta jibu anaangukia kwao, analipa, anasubiri. Wengine hupanda zile ngazi kutudai vitenge ambavyo hatukuuza.

Tumeripoti kurasa hizo. Ikifungwa moja, nyingine inazaliwa. Kilichosaidia ni mama mdogo kuamua kuitamka namba kwa mdomo wake katikati ya kila video, mikono ikiwa ndani ya maji, ili asiyeitaka aifute pamoja na kitenge. Baada ya namba anaongeza jina lake la usajili, majina yote matatu, na maelekezo: "Ukitaka kulipa, jina hilo ndilo litakalotokea. Likitokea lingine, mwanangu, usiweke namba ya siri."