Barafu Ndani ya Kabureta

Vijana wameniuliza kwa nini mwaka 1986 sikuwahi maziko ya ami yangu kule Portsmouth, na wengine wameambiwa kwamba nilipitiwa na usingizi. Sikulala.

Nilitoka Leicester baada ya sala ya alfajiri, mwezi wa Novemba, ukungu umetanda lakini theluji hakuna. Maziko yalikuwa saa nne. Baada ya nusu saa gari likaanza kukohoa, likazima. Nikafungua kabureta, nikapuliza vitundu vya petroli, sikuona uchafu. Nikatia ufunguo, likawaka kana kwamba halikuwa na kitu! Maili chache mbele, yale yale. Mara nne nilisimama kando ya njia, vidole vimekufa ganzi, na kila mara naifungua kabureta ile ile safi. Nilipofika, watu walikuwa wanakung'uta udongo viatuni.

Jioni shemeji yangu, fundi wa gereji, alinicheka kwanza (ndiyo tabia yake), kisha akanieleza. Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Sharti igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa, kiasi cha ratili 14.7 za hewa kwa ratili moja ya petroli. Kwenye koo la kabureta hewa hupita mbio, ikaivuta petroli na kuitawanya, nayo petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto la chuma kilichoizunguka. Hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, unyevu huo huganda pale pale, koo likaziba kwa barafu. Ukisimama, joto la injini huiyeyusha. Ukija kufungua huoni kitu.

Nikanyamaza. Mimi niliyesomesha fizikia Unguja miaka minne, nikiwaonyesha watoto kwa mtungi wa udongo jinsi maji yanavyopoa mtungi ukitoka jasho!

Dawa yake haikugharimu hata peni. Alilegeza skrubu ya chujio la hewa, akaigeuza pua yake ielekee ekzosi ili injini ivute hewa ya moto. Kiangazi unairudisha, maana hewa ya moto ni nyepesi na hupunguza nguvu. Magari mapya ya leo hayana kabureta. Petroli hupulizwa kwa shinikizo na kompyuta hupima kiasi chake, basi wajukuu hawaijui taabu hii.

Mimi niliigeuza pua ile kila Oktoba mpaka nilipoliuza gari mwaka 1991, na kila nilipoigeuza nilimsomea ami Fatiha.