Saa ya Karani wa Pamba

Wasomaji wangu wa siku zote wamezoea kunikuta katika mijadala ya bajeti na katiba, na huenda wakashangaa kusikia kwamba ninakusanya saa kuukuu za mkononi. Ninazo saba tu, kwani mshahara wa mhadhiri una mipaka yake. Iliyo bora kuliko zote ni Omega ya kutia ufunguo, yenye kasha la chuma na uso uliokwisha kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa ya babu yangu, karani wa chama cha msingi cha ushirika wa pamba huku Usukumani.

Saa ile haieleweki bila kukumbuka mizani. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipunjwa kwa miaka mingi mbele ya mizani ya wanunuzi, na manung'uniko hayo ndiyo yaliyozaa vyama vyao, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Karani aliyesimama mbele ya watu wa namna hiyo akiwa na saa ya Uswisi mkononi alikuwa akitazamwa kwa makini. Babu alilijua hilo. Risiti ya duka la mjini Mwanza aliikunja ndani ya daftari lake la hesabu, na huko ndiko tulikoikuta alipofariki.

Fundi wangu wa Makoroboi (mtu wa maneno machache sana) huifungua saa kwa kisu chembamba, akasoma namba iliyochongwa kwenye mashine, kisha akaulinganisha umri wake na ule wa kasha. Huuchunguza uso: je, umechakaa wenyewe au umepakwa rangi upya? Mkusanyaji wa kweli huupenda uso uliochakaa kwa haki kuliko unaong'aa kwa udanganyifu. Baada ya hapo huja maswali makubwa zaidi: nani aliimiliki, aliipata lini, karatasi zake ziko wapi? Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Bei hiyo haikutokana na chuma chake. Ilijulikana imetoka kwa nani, na mkewe alikuwa amechongesha maneno nyuma ya kasha.

Ajabu ni kwamba maswali hayo, ambayo mnunuzi wa saa huyauliza bila haya, kwetu huonekana utovu wa adabu yakielekezwa kwa mwenye madaraka. Nchini China mwaka 2012, ofisa wa usalama kazini wa jimbo la Shaanxi, Yang Dacai, alipigwa picha akitabasamu mahali pa ajali iliyoua watu 36. Wananchi wenye hasira wakapekua picha zake za zamani, wakazihesabu saa zake za anasa, moja baada ya nyingine. Alijitetea kwamba alizinunua kwa kipato chake halali. Mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 14 kwa rushwa na kwa kumiliki mali asiyoweza kueleza ilikotoka.

Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali. Hata hivyo, kama ilivyotungwa, inaviweka kando vyombo vya nyumbani na vitu vya matumizi binafsi. Bila shaka hakuna aliyetaka kuhesabu masufuria ya watu. Lakini saa ni kitu cha matumizi binafsi, na ipo saa inayotoshea chini ya mkono wa shati huku thamani yake ikiwa ni ya nyumba nzima ya Capri Point, ziwa likionekana dirishani. Napendekeza fomu iongezewe mstari mmoja: saa, vito na vitu vya kale vyenye thamani inayozidi mshahara wa mwaka wa mhusika, pamoja na namna vilivyopatikana.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamenitaka nianze mimi. Haya basi: Omega moja, urithi, risiti ipo, Roamer mbili na Tissot moja, zilinunuliwa kwa fundi, amezitia sahihi, Citizen moja, zawadi ya shemeji, Seiko 5 mbili, moja haitembei.