Kulala katika Machela Soitsambu

Msafiri atokaye Arusha kwenda Soitsambu kwa njia ya Ziwa Natron hupita Mto wa Mbu, kisha Engaruka, kisha chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Halafu hupanda ukingo mkali wa Bonde la Ufa, akapita nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, na mji mdogo wa Waso, ndipo afike. Soitsambu ni kata ya tarafa ya Loliondo, katika Wilaya ya Ngorongoro, na wenyeji wake wengi ni Wamasai wafugaji. Katika Kimasai neno osoit maana yake ni jiwe, na kwa hakika mawe hayakosekani huko. Ni nchi ya juu, iliyopita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nayo yakaribiana na Serengeti. Kwa hiyo usiku wake ni wa baridi, na wanyama wa mwitu hupita humo bila ya kubisha hodi.

Tulifika huko tukiwa watu sita: wazee wawili, vijana watatu na dereva wetu. Nia yetu ilikuwa kuwatembeza vijana wakati wa likizo ili waione nchi yao kwa macho, si katika ramani tu. Mzee mmoja wa Kimasai alitukaribisha ndani ya boma lake, palipobakizwa miti minne mikubwa kwa ajili ya kivuli. Wazee wetu wakapewa kitanda nyumbani, nacho ni kitanda cha fito kilichotandikwa ngozi ya ng'ombe. Sisi wengine tukawa wa kulala nje, lakini ndani ya ua wa miiba. Maana fisi na simba ni wanyama wa kweli katika nchi hiyo, wala haifai mtu kulala peke yake porini. Ardhi yenyewe ilikuwa na mawe, miiba na samadi ya ng'ombe, na siafu nao hawana miadi. Hiyo ndiyo sababu vijana walichukua machela.

Hapa yafaa tueleze neno hili. Zamani machela ilikuwa kitanda cha nguo kilichotundikwa kwenye mti mrefu, kikachukuliwa na wapagazi mabegani mwao, na ndani yake akalala mgonjwa au mkubwa wa safari. Leo jina hilohilo hutumiwa hospitali kwa kitanda cha kuchukulia wagonjwa. Machela tunayoisema sisi haibebwi na mtu: hufungwa baina ya miti miwili, na mtu hulala humo akining'inia. Asili yake ni visiwa vya Karibi na nchi za Amerika. Columbus alipofika visiwa vya Bahama mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wakilala katika nyavu za pamba. Na baadaye, mwaka 1597, wanamaji wa Uingereza waliruhusiwa kuitumia merikebuni, kwa kuwa merikebu ikiyumba, machela hubaki imetulia.

Mwenyeji wetu alipowaona vijana wakifunga kamba mitini alicheka sana, akauliza kwa Kiswahili kama twataka kujikausha kama nyama. Usiku ule wa kwanza maneno yake yalikaribia kuwa kweli. Dereva wetu, mtu mwenye nguvu na mpenda usafi wa kazi, aliikaza machela yake kwa bidii hata ikanyooka kama ubao, akidhani kwamba kadiri itakavyofanana na kitanda ndivyo atakavyopata raha. Akalala katikati, miguu na kichwa sawasawa na kamba. Nguo ikamkumba mabega pande zote mbili, magoti yakapinda kinyume, na kila alipojigeuza akawa karibu kuanguka. Ilipopita saa sita ya usiku upepo ukaanza kupita chini yake, na blanketi zake mbili zisimfae kitu. Kulipokucha macho yake yalikuwa mekundu.

Siku ile ndiyo tuliyokuwa tumeipanga kurudi. Mzee wetu mmoja, ambaye katika ujana wake alikuwa baharia wa Tanga na alizoea kulala machelani sitahani wakati wa joto, alimtazama dereva, kisha akasema: "Hatuondoki." Vijana wakanung'unika, maana walikwisha kuahidi kufika nyumbani. Mzee akawaambia: "Wanangu, mtu asiyelala hawezi kuitelemsha gari ile njia ya Natron. Ahadi itangoja, roho hairudi." Wakanyamaza, kwani njia wameiona wenyewe, kona zake na makorongo yake. Basi tukabaki, na mchana ule wote mzee akawa mwalimu wa machela.

Jambo la kwanza alilofundisha ni kulegeza. Machela isikazwe, bali iachwe ishuke kama mwezi mwandamo, na kamba za pande mbili zishuke kutoka mtini kwa pembe ya digrii 30 hivi. Hili si suala la raha tu, bali la usalama pia. Mtu wa kilo 70 akilala katika machela iliyoshuka kwa pembe hiyo, kila upande wa kamba huvutwa kwa nguvu ya kilo 70. Akiikaza hata ibaki digrii 10, kila upande huvutwa kwa nguvu ya kilo 200 hivi, na mtu ni yuleyule. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Basi na kila fundo likaguliwe kabla ya kulipa mgongo dhamana.

La pili ni kulala mshazari. Mtu akae kwanza katikati ya machela kama akaaye kitini, wala asiingie kwa kusimama. Kisha ainue miguu, halafu akipeleka kichwa upande wa kushoto apeleke miguu upande wa kulia, au kinyume chake. Hapo nguo hutanuka chini yake, mgongo hukaribia kunyooka, na magoti hupata nafuu. Watu wa Yucatan na wa kaskazini mashariki ya Brazil, ambao kwao machela ni kitanda cha nyumbani, hulala hivyo. Upande wa miguu ukifungwa juu kidogo kuliko wa kichwa, mwili hautelezi kwenda chini. Nguo iliyokunjwa ikiwekwa chini ya magoti huzidisha raha.

La tatu ni mahali. Miti iwe mizima, iliyo mbali baina yao kadiri ya hatua tano au sita, na ifungwe kwa ukanda mpana usiokata gome. Mahali pa kukalia pasizidi urefu wa kiti, ili atakayeanguka asiumie. Juu kusiwe na tawi kavu. Tena mtu asidanganywe na ile migunga midogo yenye vinundu vyeusi vinavyolia upepo ukipita: ndani ya vinundu vile hukaa sisimizi wakali, nao humshambulia kila ashikaye tawi lao. Mvua ikitazamiwa, turubai ifungwe juu, na uzi mfupi ufungwe katika kila kamba karibu na machela, ili maji yatiririkayo katika kamba yadondokee chini yasimfikie mwenye kulala.

La nne, ambalo wengi hawalijui, ni baridi ya chini. Blanketi humpa mtu joto kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake. Mwili ukiilalia na kuibana, hewa hutoka na joto huondoka nayo. Katika machela hapana ardhi ya kuzuia upepo, kwa hiyo mgongo hupoa hata kama kifua kimefunikwa mara tatu. Dawa yake ni kuweka godoro jembamba la sponji ndani, au kutundika blanketi nene chini ya machela, ikigusana nayo bila ya kulaliwa. Mwenyeji wetu alileta shuka nzito za Kimasai, vijana wakazifunga chini ya machela zote nne, naye akasema sasa nyama imetiwa mfukoni.

Lakini neno lake lililotufaa zaidi alilisema jioni, tulipokuwa tukinywa chai. Alituambia kwamba wageni wanaolala katika kitanda chake cha ngozi hulalamika usiku wa kwanza, hunyamaza usiku wa pili, na usiku wa tatu huwa hawataki kuamshwa. Kitanda ni kilekile, ila mgongo umejifunza. Hayo ndiyo tuliyoyaona. Dereva alianza kwa kulala mchana kwa muda wa saa moja, ili mwili uzoee kubembea. Usiku wa pili aliamka mara mbili, akajipanga upya, akalala tena. Usiku wa tatu tulisikia kengele za ng'ombe na kicheko cha fisi kwa mbali, lakini kwake yeye hatukusikia ila mkoromo. Asubuhi ya siku iliyofuata tuliondoka, akatutelemsha salama hadi Natron.

Wala si ajabu kwamba kubembea huleta usingizi. Kina mama wetu walilijua hilo kabla ya wataalamu, na lugha yetu imelihifadhi katika maneno kubembea na kubembeleza. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, huko Uswisi, waliwalaza wanaume 12 mchana kwa dakika 45, mara katika kitanda kilichobembea polepole, mara katika kitanda hichohicho kikiwa kimetulia. Ikaonekana kwamba wakibembea usingizi huwachukua upesi zaidi.

Kwa nyumba za Kiislamu yako mambo mawili ya kuongeza. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitufundisha kuyakung'uta matandiko kabla ya kulala, kwa kuwa mtu hajui ni kitu gani kilichoingia humo nyuma yake, na anayelala porini, penye nge na sisimizi, huiona faida ya mafundisho hayo mara moja. Kadhalika alitufundisha kulala kwa ubavu wa kulia. Vijana wetu walidhani kwamba machela yamlazimisha mtu kulala chali usiku kucha. Lakini aliyelala mshazari katika machela iliyolegea aweza kugeuka kwa ubavu wake wa kulia bila ya taabu. Na alfajiri, mtu aliyelala vema huamka mwepesi. Soitsambu, ambako Kibla iko kaskazini na kuelekea mashariki kidogo, tuliswali tukiwa na baridi ya umande miguuni, na dereva wetu ndiye aliyeadhini.

Twawanasihi wazazi, hata hivyo, wasiifanye machela kuwa kitanda cha kila mtu. Mtoto mchanga asilazwe humo kabisa, kwani yeye yampasa kulala juu ya kitu kigumu kilicho sawa, asije akabanwa pumzi. Mwenye maradhi ya mgongo amwulize daktari kwanza, na mzee asiyeweza kujiinua apewe kitanda. Nanyi vijana mnaokusudia safari, msingoje kufika porini ndipo mjifunze. Ifungeni machela nyumbani, chini ya mwembe au katika nguzo imara, mlale humo mchana, kisha usiku mmoja, kisha usiku mwingine, mpaka mgongo uzoee. Mkifika katika nchi ya watu, ombeni ruhusa kwa wazee kabla ya kufunga kamba katika miti yao, na mtakapoondoka iacheni miti kama mlivyoikuta.

Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu njia njema, usingizi wa salama, na kuamka katika afya. Amin.