Mnandi Asiyekimbia

Nikiwa Nairobi, mtu akisikia natoka Eldoret, swali linalofuata nalijua: "Kwa hivyo unakimbia?" Sikimbii. Nimekulia Langas, na kilomita zangu nyingi nimezimaliza juu ya boda. Wananiangalia kama mtu aliyekunywa pombe shamba la babu.

Lakini urithi wenyewe ni upi? Miaka ya 1990 mwanasayansi Bengt Saltin wa Sweden alipima wakimbiaji wetu na wa Skandinavia, hata akachukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yao. Nyuzi za misuli zilifanana sana. Ila kimeng'enya kimoja kinachosaidia misuli kuchoma mafuta kilikuwa na kasi zaidi kwa Wakenya. Kilichonigusa ni wavulana wa kawaida: waliozoea kutembea na kukimbia walitumia oksijeni mililita 62 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, wasiojishughulisha, 47. Wote Wakalenjin, manze! Baadaye watafiti kutoka Denmark waliwafanyisha mazoezi wavulana Wanandi wa mjini na wa vijijini. Wa mjini, watoto wa lami kama mimi, waliimarika sawa na wenzao.

Halafu kuna panya. Mwaka wa 2024 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya panya waliokimbizwa kwenye tredmili kwa muda wa hadi wiki 8, wakachunguzwa damu na viungo kama ini, moyo, figo na mafuta. Si misuli tu iliyobadilika. Kila kiungo kilijibu kwa namna yake.

Nayasoma haya kwa sababu ya mama. Ana sukari, anauza duka siku nzima akiwa ameketi, na kwake mbio ni za wenye kipaji. "Hiyo ni damu ya kina Kipchoge," husema, "si yetu." Hapo ndipo hii hadithi ya damu huniudhi. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haifanyi kazi vizuri, na hauulizi kama una medali.

Sikumwambia akimbie. Nilimwomba tufunge duka mapema kidogo, tutembee hadi nyumbani. Wiki ya tatu sasa. Analalamikia viatu, anasimama kusalimia kila mtu, mimi nasubiri. Leo amesema mvua inakuja.

"Nimebeba mwavuli, mama."

"Mmoja?"

"Miwili."