Nyumba na Majira ya Baridi: Kumbukumbu ya Uingereza

Nilipowasili London mwaka 1962, nikitokea Unguja kwa ajili ya masomo, nyumba niliyoijua ilikuwa ya namna moja tu, nayo ni ile ya pwani, yenye kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, na madirisha yaliyoelekezwa kwa makusudi unakopita upepo wa kusi, kwa kuwa mjenzi wa kwetu hana azma kubwa kuliko kuitoa hari ndani. Nilitaraji kwamba watu wa nchi ya baridi, ambao haja yao ni kinyume cha yetu, watakuwa mahodari wa kulihifadhi joto. Haikuwa hivyo, nyumba nyingi nilizozikuta zilikuwa mahodari wa kuwasha moto tu, na joto lililopatikana kwa gharama lilikwenda zake kwa paa, kwa madirisha, na kwa dohani lenyewe.

Hata hivyo maandalio yalikuwapo, na mama mwenye nyumba tuliyopanga, mjane mwenye bidii na nidhamu, aliyaanza mwezi wa Septemba pasipo kungoja baridi ibishe hodi. Kwanza aliitwa mfagiaji wa dohani, maana masizi yakirundikana hushika moto na kuhatarisha paa zima. Kisha makaa ya mawe yaliletwa kwa magunia, yakamiminwa katika tundu la duara lililokuwa kando ya njia, nayo yakaporomokea ghalani chini ya ardhi. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, iliyotungwa baada ya moshi na ukungu wa Desemba 1952 kuwaua maelfu ya watu mjini humo, ilikuwa ikiyapiga marufuku makaa yenye moshi mtaa baada ya mtaa, lakini wa kwetu ulikuwa haujafikiwa. Baada ya makaa, nyufa za madirisha zilizibwa kwa magazeti yaliyokunjwa, na chini ya kila mlango ukalazwa mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga.

Sisi wapangaji wa ghorofa ya juu tulikuwa na moto wa gesi uliodai shilingi katika mita yake, na shilingi ilipokwisha moto ulizimika papo hapo. Walioona gharama hiyo nzito, na wengi wao walikuwa wageni kutoka Karibi, Bara Hindi na Afrika, walitumia majiko ya mafuta ya taa, ambayo yalikuwa rahisi kwa bei lakini yalitoa harufu na mvuke mwingi, hata kulipokucha maji yakawa yanachuruzika juu ya vioo na kuvu imeota nyuma ya kabati. Na joto lote hilo lilikuwa la chumba kimoja. Aliyekwenda msalani alivaa koti.

Ndipo ikaja theluji ya tarehe 26 Desemba, ikafungua majira ambayo Uingereza haikuwa imeona mfano wake kwa ukali wa baridi tangu mwaka 1740. Huko Herne Bay, pwani ya Kent, bahari yenyewe iliganda, habari ambayo mtu aliyelelewa Forodhani, pwani ya kwetu Unguja, huisikia asiisadiki. Mabomba ya maji ya nyumba yetu, kama ya nyumba nyingi za zama hizo, yalipitishwa nje ya ukuta na juu ya dari, hayana hata gunia la kuyafunika. Maji yanapoganda hutanuka kwa kadiri ya asilimia 9, na bomba lisiloweza kutanuka nayo hupasuka. Lakini madhara hayaonekani siku ile, kwa sababu barafu yenyewe huziba ufa ilioufanya. Tuliteka maji kwa ndoo majuma mengi, na Machi 1963, barafu ilipoyeyuka, dari ya chumba cha jirani yangu ikaanguka juu ya kitanda chake. Alhamdulillahi, hakuwamo.

Mageuzi yaliyofuata yalikuja kwa njia mbili. Baina ya mwaka 1967 na 1977 mafundi waliingia nyumba kwa nyumba kugeuza vifaa, ili viache gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe na kutumia ile iliyochimbwa Bahari ya Kaskazini, na kwa urahisi wa gesi hiyo boila na radieta zikaenea, makaa yakasahauliwa. Njia ya pili, nami naiona kuwa ndiyo yenye hekima zaidi, ilianza baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, watu walipolazimika kuuliza joto wanalolinunua linakwenda wapi. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuwasaidia wenye nyumba kutandika pamba ya vioo juu ya dari. Kisha yakaja madirisha ya vioo viwili. Nyumba ikaanza kuvishwa nguo badala ya kulishwa moto.

Lakini kwa urahisi huo, siku hizi jicho la mwenye nyumba limelala. Mtoto wa ndugu yangu alinipigia simu akaniuliza, “Ami, mbona radieta zinawaka na chumba hakipati joto?” Nilipokwenda nikakuta makochi yamezikinga radieta, na matundu ya hewa yamezibwa kwa karatasi, hata kuta zimelowa kama zile za zama za mafuta ya taa.

Basi nawasihi jamaa zangu mnaohamia nchi za baridi: kabla Oktoba haijaisha, yafunikeni mabomba yaliyo wazi, jueni ilipo koki kuu ya maji, mwiteni fundi aikague boila, na wala msizibe matundu ya hewa. Na jiko la mkaa msiliingize ndani kabisa, hata baridi iwe kali namna gani, kwa kuwa sumu yake haina rangi wala harufu, na huwaua watu usingizini.