Ua Lisilofungika Kikuba

Usiku wa pili wa Idi tulimpeleka mama yangu Dubai Garden Glow, bustani ya taa iliyofunguliwa mwaka 2015 ndani ya Bustani ya Zabeel. Huko taa zilikuwa zimeundwa zikawa maua na wanyama waliompita mtu kimo.

Umeme haukumshangaza. Alikulia Unguja, karibu na Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, la kwanza kisiwani kuwaka taa za umeme. Alisimama mbele ya ua moja, akasema: "Zuri hili, lakini halifungiki kikuba."

"Kikuba ni nini, Bibi?" mwanangu aliuliza kwa Kiarabu.

Mama akamweleza: asumini, mlangilangi na rehani, hufungwa pamoja, mwanamke akakibandika kifuani akienda sikukuuni Mnazi Mmoja.

Tangu 1964 jamaa zetu wametunza picha, hati na nasaba. Harufu haina sanduku la kutunzwa. Hukaa katika neno na katika mikono ya ajuaye kufunga. Enyi wenzangu mliozaliwa ughaibuni, waulizeni wazee wangali hai. Asumini humea hata Dubai, katika chungu cha barazani.